Mpanda Nyumbu Aliyeshuka

Kila asubuhi Pili alimwona jirani yake, mpanda nyumbu wa boma la Mdachi pale Masasi, akipitisha vidole chini ya mkanda wa tandiko, akiuvuta, akiulegeza, akiuvuta tena, huku akimsemesha mnyama huyo, chotara wa punda na farasi, kwa Kiyao, sauti ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Viganja vyake vilikuwa vimekakamaa kama gome la mninga, lakini nyumbu hakushtuka vilipomgusa. Watu walimcheka kwa kukawia kwake. Pili hakucheka. Kaka yake, Fikirini, alikufa mwaka uliopita kwenye mashindano ya sikukuu ya Kaisari wa Ujerumani, nyumbu wake alipoteleza kwenye gogo lililolazwa ukingoni mwa korongo na kumwangukia kifuani.

Sikukuu iliporudi, mvua ilikuwa imenyesha na gogo lilikuwa palepale. Wapanda nyumbu wengine waliliruka, mmoja akaponea chupuchupu. Jirani alifika, akatazama tope, akashuka.

"Ruka!" Mdachi akafoka, kiboko mkononi.

"Nitafika, bwana," akajibu kwa sauti yake ileile ya chini. "Lakini hapa alikufa mtu."

Akamwongoza nyumbu kwa miguu, wakalizunguka korongo. Kiboko kilimpata mgongoni. Hakugeuka, wala hakuachia hatamu. Alifika wa mwisho, kifua mbele, kofia sawasawa kichwani. Pili akajikuta amesimama, akapiga kigelegele peke yake, mpaka wanawake wenzake wakamwitikia.