Mtaa wa Nne, Bahasha ya Sitini na Moja

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, majaribio thelathini na moja kati ya thelathini na nane yalianguka kwa mpigo mmoja. Jana yake yote yalikuwa yamepita. Niliandika saa hiyo kwenye daftari, kama ninavyofanya siku zote, kisha nikaenda kuchemsha chai ya mtu mmoja.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa parachichi, chenye ghala Makambako. Mkulima analeta mzigo, karani anaandika namba yake ya uanachama kwenye kompyuta, ukurasa wake unafunguka, kilo zinaingizwa. Kazi hiyo niliifanya nyumbani kwangu Mjimwema. Kompyuta nilijifunza mwenyewe nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa vitabu vya kuazima, na sikuwahi kuwa na mtu wa kunionyesha nilipokosea. Ndiyo maana niliandika majaribio: programu ndogo zinazofungua kurasa zenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama karani angefanya, na kuniambia upi umekataa. Siku nyingine programu hizo ndizo pekee zilizonijibu tangu asubuhi hadi jioni.

Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Hadi Jumanne nilitumia wanachama wa kubuni, namba 1, 2 na 3, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuandika. Jumanne jioni niliweka namba ya kweli. Waanzilishi wa chama walikuwa waumini wa kanisa moja la Kilutheri, na badala ya kutunga namba mpya walichukua zile za bahasha za sadaka, ambazo kila mtu huzikumbuka kuliko namba ya simu: mtaa wa usharika, alama ya mkwaju (/), kisha bahasha. Wakatoliki walipojiunga walipewa mtaa wa tisa, ambao kanisani haupo.

Niliweka 4/61. Ilikuwa namba ya mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwanachama. Yangu mimi, 4/60, ni ya kanisani tu. Alifariki miaka miwili iliyopita, na parachichi zake bado nazipeleka kwa namba yake. Sikuichagua kwa huzuni. Ndiyo namba pekee ya chama niliyoijua kwa kichwa. Lakini kanisani bahasha zake hazichapwi tena, na simu yake nilishaifunga. Orodha ya chama ndiyo mahali pa mwisho alipokuwa bado anaandikwa kama mtu anayekuja.

Ujumbe wa kosa ulikuwa ule ule mara thelathini na moja: hakuna njia ya kwenda wanachama/4/61.

Nilizima mashine na kuiwasha. Nililaumu mtandao. Nilirudisha toleo la mfumo la wiki iliyopita, likaanguka vile vile. Karibu na saa sita niliacha kutazama yaliyoanguka, nikayatazama saba yaliyopita. Hakuna hata moja lililokuwa na namba ya mwanachama kwenye anwani yake. Hapo nikaelewa. Katika anwani ya ukurasa, mkwaju ndio unaotenganisha hatua moja na nyingine. Programu ilisoma 4 ikadhani ndiye mwanachama, kisha ikakuta 61, na hakuna mahali nilipoiambia 61 inakwenda wapi.

Makabidhiano yalikuwa Ijumaa. Nikafanya kosa ambalo mtu mwenye mwenzake wa kumsomea kazi asingelifanya: ndani ya majaribio nilibadilisha mkwaju kuwa kistari, 4-61. Yote thelathini na nane yakapita. Nilikuwa nimerekebisha mtihani, si kazi yenyewe, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mzuri.

Ijumaa ghalani katibu wa chama, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipokea mlangoni.

“Kamwene, fundi.”

“Kamwene, mama katibu.”

Karani wa mizani akakaa mbele ya kompyuta, akaandika namba yake mwenyewe, 9/12, kwa mkwaju kama anavyoiandika kila siku. Ukurasa haukupatikana.

“Fundi, kompyuta yako ni Mlutheri,” alisema. “Imeona Mkatoliki, imefunga mlango.”

Wapakiaji wakacheka. Katibu akamsogeza, akaandika yake, 2/8. Ikakataa.

“Na mimi je? Mimi ni mzee wa kanisa!”

“Basi haina dini kabisa, mama.”

Nilieleza kosa bila kujificha. Kisha nikapendekeza njia fupi: tuwape wanachama namba mpya, kuanzia moja. Ingekuwa kazi ya siku ile ile.

Katibu alifungua daftari la wanachama. “Sawa. Na tukianza upya, tuwaruke waliokwisha kufariki, tupunguze kazi.” Kidole chake kikashuka kwenye mtaa wa nne. “Kama huyu wa sitini na moja. Nasikia hayupo. Mzigo wake analeta nani?”

“Mimi,” nilisema. “Ni mke wangu.”

Akavua miwani. “Pole, baba. Miezi yote hii tunaongea, hukusema.”

“Hakuna aliyeuliza, mama.”

Karani akaangalia mizani. Katibu akafunga daftari polepole. “Sasa tufanyeje?”

“Namba zibaki. Nitabadilisha programu.”

“Siku ngapi?”

“Tatu.”

“Mkataba una makato, elfu arobaini kila siku ya kuchelewa. Siwezi kuyafuta, kamati itaniuliza.”

“Nayajua. Niliusoma.”

Nyumbani nilirudisha mkwaju ndani ya majaribio, yakaanguka tena thelathini na moja, na safari hii niliyaacha yaanguke. Nikaiandika upya kila njia iwe na hatua mbili, mtaa kisha bahasha, na viungo vyote vinavyoelekea huko. Jumapili nilikwenda ibada ya kwanza na bahasha yangu moja, nikarudi kuendelea. Jumatatu saa nane mchana, ghalani, karani aliandika 4/61 na ukurasa ukafunguka: jina lake, miti thelathini, mzigo wa mwisho.

“Huyu hapa,” karani alisema.

Jioni niliandika hesabu kwenye daftari. Makato ya siku tatu na nauli ya kwenda na kurudi Makambako kwa mara ya pili: nimepoteza shilingi laki moja na elfu thelathini.