Simu imebana sauti yangu, mimi haijaniweza

Leo dada yangu wa damu kaniita tapeli!

Nilimtuma mkwe wangu kwake Mamboya akachukue mbegu zangu za mahindi, maana mvua ndiyo hiyo imefika.
Dada kagoma mpaka anisikie mwenyewe. Nikapiga.

Dada akafoka: "Tapeli! Kaka yangu ana sauti ya trekta. Wewe nyuki ndani ya kopo!"

Fundi simu hapa Mikumi anacheka: "Mzee, mtandao unasumbua. Simu inaibana sauti ili ipite. Inabakiza maneno, mengine inatupa."

Itupe sauti yangu mimi?

Nikamwakia dada simuni: "Kijijini kwetu Mvumi nzima nani aliwahi kunishinda kulima? Mtaje!"

Dada akacheka. "Shikamoo kaka, majigambo hayo ni yako tu!" Akawaambia watu wa kwake: "Mpeni mbegu, ndiye huyu."

Marahaba!

Fundi umeona? Cha maana hakikutupwa.
Anayebisha aandike hapa chini.