Meza ya Kibiriti

Fundi seremala alipofiwa na mkewe, watu walimpa pole wiki moja, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Binti yake peke yake hakuchoka. Kila Jumapili kwa miaka mitatu alikuja akamkuta baba yake anakula amesimama, sahani mkononi, ameegemea mlango wa jikoni. Mwishowe akamwambia, "Baba, mtu haongei na kuta. Vyumba viwili vimekaa bure. Tafuta wenzio."

Wenzie ndio sisi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilimzika mke wangu mwaka uleule aliomzika yeye wake. Wa pili ni dereva wa malori, mgane pia, ambaye kwa urefu wake tunamwita Mlingoti. Majirani wakatupachika jina, Bweni la Wagane. Sikulipenda. Nimesimamia mabweni miaka kumi na minane na najua yanavyonuka.

Fundi si mtu wa maneno. Ukimwuliza umeamkaje, jibu unalipata saa nne. Penseli yake anaisahau nyuma ya sikio hata akienda kuoga. Ila kwa kazi, mwacheni. Yeye hapimi chumba, anampima mtu. Meza ya jikoni, kwa mfano, hupimwa hivi: mwenye kuitumia asimame wima, uhesabu toka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha utoe upana wa kiganja. Ndivyo alivyompima mkewe wiki waliyohamia nyumba hii, akaifunga meza ukutani kwa skrubu ndefu kama vidole. Mkewe alikuwa mfupi na akiguswa anawaka, kwa hiyo Fundi alimwita Kibiriti. Miaka thelathini na sita Kibiriti alikatia vitunguu, akakandia unga na kuoshea vyombo juu ya meza hiyo, na siku zote ilimfika sawasawa.

Mlingoti ilimfika mapajani. Vyombo tulikuwa tunaosha kwa zamu, na zake ni Jumanne na Ijumaa. Alikuwa akiinama juu ya beseni kama mtu anayetafuta sindano, na mgongo wenyewe lori lilishaumaliza zamani. Mwezi wa pili tangu tuhamie akawa anatoka jikoni ameshika ukuta. Mimi ulimi wangu hauna breki. Tukiwa mezani nikasema, "Fundi, si uipandishe ile meza ya jikoni? Kazi ya asubuhi moja tu."

Fundi akaweka kijiko chini. "Ile meza ina vipimo vyake."

"Vya nani?" nikauliza, na hali najua.

Akainuka akaenda zake kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba. Niliona haya, sikatai. Lakini nilikasirika pia. Hata mimi nina marehemu wangu, na sikumfunga ukutani kwa skrubu.

Mlingoti hakugombana na mtu. Jumamosi moja alisema, "Mpwa wangu ana chumba kwake. Mwisho wa mwezi nitahamia huko. Si ugomvi, Fundi. Ni mgongo unanikatalia."

"Sawa," akajibu Fundi, basi.

Kesho yake mchana nikamkuta anakula amesimama, sahani mkononi, ameegemea mlango wa jikoni. Sisi wote wawili bado tulikuwemo ndani, naye ameshaanza kukaa peke yake. Niliogopa. Niliona kwamba Mlingoti akiondoka, hata mimi sitakuwa nakaa na mtu.

"Mwenzangu," nikamwambia, "Kibiriti angemwona mgeni anaumia jikoni mwake, angefanyaje?"

Akatafuna, akameza, akafikiri.

"Angewaka," akasema.

Jumatatu asubuhi akatuita jikoni. "Simameni wima." Akampima Mlingoti kiwiko, akanipima mimi, akaandika tarakimu ukutani kwa penseli.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nini?"

"Jumatatu na Alhamisi anaosha nani?"

Mganga hajigangi. Nikamnyang'anya futi nikampima mwenyewe, naye akasimama amekakamaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Maisha yake yote amepima watu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumpima yeye. Akapiga hesabu ya sisi watatu, akafungua skrubu moja baada ya nyingine bila haraka, akaipandisha meza zaidi ya kiganja kizima. Ukutani pakabaki matundu ya zamani na mstari wa rangi iliyofifia, pale meza ilipokuwa. Nikasema nitayaziba matundu kwa saruji.

"Yaache," akasema.

Jioni hiyo Mlingoti aliosha vyombo na wala haikuwa zamu yake. Kuhama hakukutajwa tena, na mwisho wa mwezi ulipofika sanduku lake lilikuwa bado chini ya kitanda.

Lakini ninayoikumbuka mimi ni ile Alhamisi, siku tatu baada ya meza kupandishwa. Fundi alikuwa anaosha, mimi nafuta. Akamaliza vikombe, akaanza sahani, mara akatulia, mikono imo ndani ya maji. Nikadhani amejikata.

"Vipi?"

"Mgongo hauumi."

"Kwani ulikuwa unakuuma?"

"Tangu nianze kuosha mwenyewe. Miaka mitatu." Akatazama zile tarakimu za penseli ukutani. "Nilidhani ni msiba."

Nilitaka kumwambia ashukuru Mungu, nikashindwa, maana machozi yalikuwa yanamdondoka ndani ya beseni na hakujaribu kuyaficha.

"Sasa hauumi," akasema tena, taratibu, kama anayemwarifu mtu habari ya msiba.

Nikachukua sahani iliyofuata. Nikaifuta mpaka ikakauka, na nikaendelea kuifuta.