Siku Bomba Lilipoacha Kupasuka

Pikipiki ya mzee Eliufoo ilisikika kabla haijaonekana. Ikishuka kutoka Mamba mlimani na magunia ya tangawizi, sisi wa Ndungu tuliijua kwa kukohoa kwake. Nami niliongeza maji kwenye sufuria ya chai, maana nilijua bomba la moshi limepasuka tena, na mwenyewe atakaa kwenye benchi langu mpaka mume wangu amalize kuchomelea.

Ilikuwa pikipiki ya zamani kweli, tangi zito la chuma, siti iliyoshonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe. Eliufoo alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu msafi, mpole, anayeikunja leso yake vizuri kabla ya kuirudisha mfukoni. Nilimpenda. Lakini ubishi wake! Watani wetu husema Mpare hatupi kitu mpaka kitu kimtupe yeye.

"Shikamoo mzee," mume wangu Abubakari alimwambia siku moja. "Kila nikiziba hapa, panapasuka palepale. Bomba halina ubaya. Kuna kitu kinalitikisa. Niachie pikipiki nitoe tangi, niangalie fremu."

"Marahaba. Wewe ziba tu, fundi. Kinacholitikisa nakijua."

Alichokijua ni mdogo wake, Loth. Waligombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao hadi baraza la kata, Eliufoo akashinda. Bomba lilipoanza kupasuka baada ya hapo, mzee wa kanisa mzima akaamini kwamba mdogo wake amemvunjia chungu. Kwetu, mtu akivunja chungu huku akikulaani, unakaa ukisubiri msiba. Mimi nilimkemea wazi. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wako wewe hauko kwa Loth. Akacheka, akaomba chai nyingine.

Mwishowe Abubakari alichoka. Alilivika bomba kiraka cha chuma kinene, akalibana kwenye fremu lisicheze. "Nimelibana, sijalitibu," alimwonya. "Rudi niifungue pikipiki." Mzee akaitikia kwa kichwa.

Haukupita muda, wazee wa ukoo wakawakalisha ndugu wale wawili. Loth mwenyewe alinisimulia, akiwa kwenye benchi hilihili. "Dada Saada, sijavunja chungu chochote. Hata kinavyovunjwa sijui. Lakini kaka halali usingizi. Nikikubali, naye akalala, mimi nimepungukiwa nini? Usimwambie." Basi akakubali mbele ya wazee kosa ambalo si lake. Wakachinja mbuzi, wakala pamoja, mchungaji akaomba.

Na bomba halikupasuka tena.

Pikipiki ikawa inapita mbele yetu bila kusimama, Eliufoo akipunga mkono na kucheka. Kila ilipopita, Abubakari aliacha kazi, akaifuata kwa macho mpaka vumbi litulie. "Sipendi," alisema. "Lilikuwa linapasuka kwa sababu ya mtikisiko. Sasa huo mtikisiko umehamia wapi?" Alituma ujumbe Mamba kwa vijana wa bodaboda, mzee alete pikipiki, akatuma tena. Majibu yalikuwa yaleyale: salamu nyingi, bomba limepona.

Kisha wakaja wawili. Eliufoo mbele, Loth nyuma. Walikunywa chai kwangu, na mzee alikuwa na furaha ya mtoto. "Nilimwambia, kama kweli umeiondoa laana, panda nyuma yangu. Amepanda!"

Loth alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili. Abubakari alikuwa amekwenda Same kununua vijiti vya kuchomelea.

"Msubirini fundi aitazame," nilisema. "Nakuomba, mzee."

"Nikisubiri nitakuwa namtilia mdogo wangu shaka."

Loth akanitazama. Alikuwa anaogopa, niliona. Akaweka glasi chini, akapanda.

Kwenye kona za juu, kabla ya kufika Mamba, fremu ilikatika chini ya tangi. Eliufoo alitupwa kwenye majani, akavunjika mguu. Loth alienda na pikipiki hadi chini korongoni, akafia hukohuko. Mlimani kote wakasema neno moja: chungu kimemrudia aliyekivunja.

Eliufoo alipoweza kutembea kwa magongo, aliileta fremu karakana. Abubakari akamwonyesha palipokatika. Pembeni palikuwa na ukanda mwembamba unaong'aa, chuma kilichokatika siku ile. Kwingine kote ni kutu nyekundu iliyokomaa.

"Huu ufa ni wa miaka, mzee. Ulianza kabla ya bomba, kabla ya kesi yenu. Ndio uliokuwa unalipasua."

"Kwa hiyo Loth..."

Hapo sikuweza kunyamaza tena. Nilimwambia kila alichoniambia Loth. Mzee alitoa leso, akaishika tu mkononi, hakufuta kitu. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja.

"Nikatie hicho kipande chenye kutu," alimwambia Abubakari. "Tangu mazishi, Dorkas hasalimiwi sokoni. Watu wanamkwepa, mjane wa mvunja chungu. Nitapita nacho nyumba kwa nyumba, niseme mdogo wangu hakuvunja kitu."

"Watakuuliza ni nani aliyempandisha," nikasema. Ulimi wangu hauna adabu.

"Ndiyo," alisema Eliufoo. "Nitaanza na Dorkas."