Jua Linanikataa

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la sita, maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia, na asubuhi vidole vyangu vinavimba hadi kalamu haikai. Kurasa hizi zimenichukua siku nne.

Naishi Gitaza na mama, naanika ndagala. Mitumbwi ikirudi alfajiri, sisi wanawake tunazimwaga samaki hizo ndogo juu ya chanja za waya, tunazigeuza mpaka zikauke. Ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Mwaka jana viungo vilianza kuniuma. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na mashavu yote mawili yakatoka vipele vilivyoungana juu ya pua. Nikishinda juani, kesho yake siwezi kuinuka. Daktari wa Rumonge alinitazama uso, akanitoa damu. Baadaye akasema huenda ni ugonjwa ambao mwili unajipiga wenyewe, lakini yeye hawezi kuuthibitisha. Mtaalamu yuko Bujumbura. Akaniandikia randevu, siku ya kumwona, miezi mitano mbele. Mpaka siku hiyo, alisema, nijifunike na niepuke jua.

Sikumwambia kwamba ndagala hazikauki kivulini.

Mama mwenye chanja, tajiri wetu, aliponiuliza kwa nini nimejifunga kitenge mpaka chini ya macho, niliona aibu. Mimi maneno mengi siyawezi. Nikasema, "Jua linanikataa." Huku kwetu tunasema hivyo juu ya chakula kisichokaa tumboni: maharage yanamkataa fulani. Nilidhani inatosha.

Mwenzangu wa chanja ya pili, mama mmoja kutoka Kongo anayependa utani, alilidaka neno hilo. Kufika mchana alikuwa amenipa jina jipya: jua limenikataa, basi nimeolewa kwa mvua, na mawingu ndiyo wakwe zangu. Akanisalimu:

"Mukwe wa Mvua, amahoro? Wakwe zako wanakuja lini?"

Wote walicheka, na mimi nikacheka ndani ya kitenge.

Kisha mawingu yakaja, yakakaa siku tatu. Ndagala zililainika juu ya waya, zikaanza kunuka, tukazimwaga ziwani kwa makarai. Hakuna aliyeniita Mukwe tena. Nikikaribia, mazungumzo yanakatika. Siku ya nne mama alirudi kutoka sokoni, akaniuliza nilisema nini pale chanjani. Nikamwambia. Mama alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Aliketi taratibu.

"Wao hawasemi hivyo," akasema. "Wanasema wewe ndiye umelikataa jua lisitoke."

Jioni ile mama mwenye chanja alikuja mpaka mlangoni. Si mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba.

"Mutoto yangu, miye najua uko mugonjwa. Lakini jua likitoka, uje bila kitambaa. Wakuone."

Jua lilitoka Alhamisi. Nilisimama uso wazi tangu asubuhi mpaka ndagala zilipokauka. Yule mama wa Kongo alinigawia nusu ya muhogo wake, akanisogezea ndoo nikae. Nakiri nilifurahi. Ijumaa sikuinuka. Miguu ilikuwa imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo, na mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni. Miguu mama ameiona. Povu hajaambiwa, ninyi mnaosoma ndio wa kwanza.

Randevu imebaki miezi miwili. Nilituma ujumbe kuuliza kama inaweza kusogezwa, sijajibiwa. Leo nimeweza kusimama. Juu ya milima ya Kongo kuna wingu dogo, na wanawake wawili wakipita kwenda chanjani wamelitazama, kisha wakatazama mlango wetu. Kitenge ninacho mkononi.

Kama yuko msomaji ambaye naye jua linamkataa, na anafanya kazi nje, na bado anaishi, naomba aniandikie hata mistari miwili. Aniambie alijifunika au hakujifunika, na watu wake aliwaambia nini. Atumie Kiswahili chepesi, neno lisije likageuzwa njiani.