Kitabu Alichosomewa Mama Ridhwan

Hapa mtaani Mbotela mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jina hilo hanyang'anywi hata mtoto akifa. Ndiyo maana jirani yangu Salme bado ni Mama Ridhwan, ingawa Ridhwan alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la kwanza, kabla mimi sijahamia hapa. Hakujaliwa mwingine.

Mumewe, Zubeiri, aliuza viungo sokoni Muthurwa. Alirudi jioni ananukia pilau hata siku ambayo nyumbani kumepikwa sukuma wiki. Baada ya maghrib alikunywa chai yake, akafungua kitabu cha mtumba na kumsomea mkewe kwa sauti. Kuta zetu ni nyembamba, kwa hiyo na mimi nilisomewa bila kualikwa. Kazi yangu ni kuandika hadithi, na nilimwonea wivu kila aliyeandika kitu kikapata msomaji kama yule.

Salme mwenyewe hakujua herufi za Kizungu za vitabu hivyo. Alilelewa Majengo, akahitimu chuo cha Kurani, na Kiarabu cha msahafu anakisoma vizuri mno, lakini shule hakupelekwa. Hadithi zote alizozijua alizipata mdomoni mwa Zubeiri.

Walipendana, ila Salme alikuwa na donge moja rohoni, na aliniambia zaidi ya mara moja tukichambua mchele mlangoni.

"Baba Ridhwan alimsahau mtoto mapema. Tangu tumzike pale makaburini Kariokor hajawahi kumtaja. Mimi nikimtaja, anaamka anaenda nje."

Nilimwambia wanaume ndivyo walivyo. Ni maneno ya kijinga, lakini jirani akikulilia lazima useme kitu.

Mwaka jana Zubeiri alianguka kibandani kwake akipima iliki, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Salme akakaa eda. Miezi ile yote mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, na mimi, Mkamba wa kanisani, nilikuwa naenda kupiga naye soga tu ili siku isogee. Juu ya kabati kilibaki kitabu walichokuwa katikati yake, kimetiwa uzi pale walipofika. Jalada lilishang'oka zamani. Ilikuwa hadithi ya mama mfinyanzi na mwanawe Hemedi. Nikajitolea kummalizia.

"Hapana," akanikatiza. "Sauti yako si yake. Nifundishe nisome mwenyewe."

Tukaanza. Mtu aliyekwisha kuzoea herufi za aina moja hazuiwi sana na za aina nyingine. Haukupita muda akawa anasoma pakiti za unga, kisha magazeti yaliyofungiwa sabuni, akinisahihisha mimi nikiruka neno. Nilifurahi kuliko ninavyofurahia kazi zangu.

Kisha alasiri moja akanigongea ukuta. Nilimkuta amekaa mkekani, kitabu mapajani, amekunja uso.

"Kanyiva, hii kitabu iko na makosa. Nilitaka nianze mwanzo kabisa peke yangu, nikushangaze. Na hapa mwanzo wanasema Hemedi alikufa akiwa mdogo. Si Zubeiri alinisomea Hemedi ameoa?"

Nikakichukua. Alikuwa amekifungua kama msahafu, kutoka kulia. Ukurasa aliouita wa kwanza ndio uliokuwa wa mwisho.

"Umeanzia nyuma, Mama Ridhwan," nikamwambia nikicheka. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu hata mimi, kule upande wangu wa ukuta, nilikuwa nimeisikia harusi ya Hemedi.

Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nilimpata mbali kabla ya uzi: Hemedi ana miaka saba, homa inapanda, alfajiri anakata roho. Kuanzia hapo mama yake anafinyanga peke yake hadi mwisho. Hakuna Hemedi kwenda shule, hakuna harusi, hakuna ule utani wake na mama mkwe uliomvunja Salme mbavu. Yote hayo Zubeiri aliyatunga mwenyewe jioni baada ya jioni, macho yake yakiwa juu ya maneno mengine kabisa.

Kwanza nilikasirika. Nani amempa muuza iliki ruhusa ya kusahihisha kitabu cha mtu? Kisha nikamtazama Salme, na hasira ikaniishia. Sikutaka kumwambia, lakini alishajua kwamba kuna kitu.

"Nionyeshe pahali," akasema.

Nikamwonyesha. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, hadi akafika kwenye neno "akafa". Akalisoma kwa sauti. Kidole kikabaki palepale.

"Hii siku naikumbuka. Alinyamaza katikati, akakohoa sana. Akaniambia chai imempalia."

Nikasogea karibu yake mkekani.

"Nikampigapiga mgongo," akasema. "Nikamletea maji. Akakunywa, akaendelea, mtoto akapona." Akaanza kulia. "Miaka yote hiyo nilimnunia, Kanyiva. Nililala nikimpa mgongo juu ya mambo ya Ridhwan. Sasa nitamwambia nani kwamba nimejua?"

Nilimkumbatia tukalia wote.

Eda imekwisha. Sasa ni yeye anayeuza viungo kule Muthurwa, na wateja wanasema anapima vizuri kuliko marehemu. Jioni anakunywa chai, anakifungua kitabu kile, tangu mwanzo safari hii, na kusoma kwa sauti. Habadilishi neno. Ila amekwisha kupita pale Hemedi alipokufa, na sasa kila ukurasa ukimalizika anasita, nami namsikia ukutani akiuliza polepole, "Na hapa ulinisomea nini?"