Mti wa Mananasi Chumbani kwa Mama

Mwenzangu, sogea hapa. Hili siwezi kumwambia kila mtu, maana wengine watanicheka kabla sijafika katikati. Wewe nakujua, utangoja tucheke pamoja.

Mama yangu mzazi aliteleza kwenye shamba lake la mananasi Kiwangwa, akaumia nyonga. Mungu alimsitiri, hakuvunjika, ila kutembea kwake kukawa kwa kushikilia ukuta. Na kule alikuwa anaishi peke yake, jirani wa karibu mpaka umwite kwa sauti. Kaka yangu akampakia kwenye gari, akamleta kwangu Mapinga, kisha akanivuta pembeni.

"Jumapili nakuja. Akisema anakaa, alhamdulillahi. Akisema anarudi, mimi sibishani na mama, namrudisha."

Ungemwona kaka, mtu mzima na ndevu zake, anavyomwogopa mama, usingemlaumu. Mimi mwenyewe namwogopa. Lakini nilikuwa naogopa zaidi aanguke tena kule na asiwepo wa kumsikia.

Chumba nilishamwandalia. Kuta zote nilizipaka chokaa kwa mkono wangu, zikawa nyeupe pee. Nikatandika shuka mpya, nikaweka msala, birika la kutawadhia, na kiti cha kuswalia, maana kusujudu chini alikuwa hawezi. Nikajiona nimemaliza. Mama akasimama mlangoni, akazungusha macho.

"Hiki chumba au sanda?"

"Mama jamani!"

"Nyeupe huku, nyeupe kule. Nikilala humu, asubuhi mtanikuta nimeshajiswalia jeneza mwenyewe."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Yeye na bibi yake ni watani, wanaitana mke mwenza. Mimi sikucheka. Kesho yake mama alishinda barazani, uso barabarani, kama abiria anayengoja gari. Ukimuuliza anataka chai, anajibu nyumbani. Anataka uji, nyumbani. Dawa ya kuchua? Nyumbani.

Kupaka rangi nilishindwa, harufu yake inamkohoza. Ndipo binti akaja na lake: "Mama, nunua stika za ukutani. Unabandua karatasi ya nyuma, unabandika, basi."

Nikaenda Bagamoyo mjini, kwenye duka moja la Mhindi, anauza mapazia na mapambo ya nyumba. Akanifungulia moja mezani: mti mkubwa, matawi yametanda, majani ya kijani kibichi, na ndege wekundu wametua kila tawi. Nikaupenda pale pale. "Huu hata mtoto anabandika, mama," akaniambia. Nikamwamini.

Maelezo yalikuwa ya Kichina. Mimi shule nimeipata ukubwani, masomo ya jioni, nikishamaliza shughuli za nyumbani, na namshukuru Mungu nimefika nilipofika. Lakini kwenye Kichina hatukufika. Tukafuata vipicha.

Tulibandika shina. Kugeuka tu kuchukua tawi, shina limejikunja limelala kitandani, mgongoni limejaa unga mweupe. Chokaa ile ilikuwa haijashika vizuri, ukiigusa inakufuata mkononi. Tukaufuta ukuta kwa kitambaa kibichi, tukaufungulia dirisha ukauke, tukaanza upya. Mapovu ya hewa tuliyasukuma kwa kadi za mchango wa harusi. Zile kadi ngumu, si unazijua? Nyumba gani Mapinga inazikosa? Binti anasukuma, mimi nasoma bismillahi kwa kila jani, na mti ukashika. Ukapendeza, wallahi. Nikamwita mama aje aswali adhuhuri ndani, kwake.

Akaingia polepole, akatazama. Akatazama tena.

"Kibla kiko wapi humu?"

Ukuta wenyewe ndio huo.

"Kwa hiyo mimi niseme Allahu akbar nikikodoleana macho na kunguru?"

"Si kunguru, bibi," binti akadakia, "kunguru hana wekundu."

"Basi kunguru wa harusi."

Mwenzangu, niliona aibu. Mimi huyu huyu wa darsa kila Alhamisi, niliyemwambia jirani atoe picha ya farasi pale anaposwalia, maana mbele ya picha ya kiumbe hatuswali! Furaha ya mti ilinifumba macho, ndege sikuwaona kabisa.

"Tuwakate vichwa," binti akasema. "Mwalimu wa madrasa alitufundisha, kiumbe bila kichwa hana shida."

"Nilale na ndege waliochinjwa juu ya kichwa changu? Mke mwenzangu, wewe unataka nife haraka ubaki na mume."

Akageuka, akaenda kuswali sebuleni. Alipomaliza akarudi barazani, uso barabarani. Na ilikuwa Ijumaa.

Nikapanda kwenye stuli niwabandue. Nikamshika ndege wa kwanza mkiani, nikavuta. Akatoka vizuri, akatoka na chokaa yake yote. Ukutani pakabaki kiraka cha saruji, cha kijivu, chenye mdomo, mabawa na mkia. Nikavuta wa pili. Vile vile. Nikajiambia labda ni upande huu tu, nikajaribu upande wa pili. Nilipoteremka ndege wote walikuwa mkononi, na wote bado walikuwa ukutani.

Binti akatoka mbio. "Bibi! Njoo uone mama alichofanya!"

Mama akaja kwa hatua zake za kushika ukuta. Akaangalia juu. Nikawa nangoja aseme nimwitie kaka leo leo.

Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, cheko ambalo sijalisikia tangu aanguke, mpaka akashika nyonga. "Umewaua, sasa mizimu yao imebaki! Nani aliyekutuma?"

Akaketi kitandani, akaokota karatasi iliyobaki kwenye pakiti. Ilikuwa na picha ya uzio wa mbao wa rangi ya manjano na majani chini yake, hatukuubandika kwa kukosa nafasi. "Nipe mkasi," akasema.

Akakata kipande cha manjano, akakizungusha kikawa na umbo la yai. Akakata majani ya kijani, akayachonga ncha ncha. Akaviunganisha juu ya goti. Hata kabla hajamaliza nilishajua. Nanasi, na kishungi chake.

"Bandika pale penye mdomo wa yule mnene."

"Bibi," binti akasema, "nanasi halioti juu ya mti."

"Hapa nani amelima mananasi miaka yote, mimi au wewe?"

"Wewe, bibi."

"Basi leo yameota juu. Panda."

Swala ya alasiri aliswali chumbani. Jumamosi aliamka na mkasi. Lile kubwa mno, hili limepinda kama la kuoza, toa, weka. Mimi na binti tukawa vibarua wake. Neno nyumbani sikulisikia, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Usiku nikaomba tu.

Jumapili kaka akaja, gari hata hakulizima. Akaingia chumbani.

"Mama, tunakwenda?"

"Wapi? Huoni pale kuna ndege bado yuko wazi?" Hakunyanyua macho kutoka kwenye mkasi. "Nenda wewe. Niletee kuku wangu, na umwambie jirani avune, tutagawana nusu kwa nusu. Msimu mzima huu mimi niko huku."

Kaka akautazama ukuta. "Mama, mananasi na mti wapi na wapi?"

"Umekuja kuchukua mtu au kusahihisha?"

Nilikimbilia jikoni, nikasujudu pale pale sakafuni mbele ya jiko la mkaa. Kaka akanikuta hivyo, akanipita taratibu akaenda kuzima gari, anywe chai.

Basi mwenzangu, usikae nalo peke yako. Yupo mtu unayemjua ambaye juzi amehamishia mzazi kwake na anahangaika kukipamba chumba. Msimulie habari hii, naye amsimulie mwingine. Mwambie ukuta wa chokaa aufute kwanza, na mkasi ampe mzee mapema.